Jiwe la Mama na Maji ya Misri

Baba yangu alikuwa hana haya hata chembe, na mimi ninazo za watu wawili. Nadhani zile alizopaswa kupewa yeye zilibaki, zikanisubiri mimi. Kanisani kwetu Mabawe aliimba kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na wimbo ulipokwisha yeye alikuwa bado na ubeti mmoja kifuani. Sokoni Kabanga aliwasimamisha watu asiowajua akawauliza wametoka wapi na huko kwao mvua zimenyesha. Kofia yake ya pama, iliyopoteza rangi tangu nikiwa shule ya msingi, aliivaa hata harusini. Tukitoka misa mimi nilitangulia, mwendo wa mtu aliyeacha sufuria motoni, ili tunaokutana nao wasitambue mara moja kwamba yule anayekuja nyuma akipiga kelele ni wangu. Mtu mzima mimi, mwalimu wa jiografia wa sekondari, naongeza mwendo barabarani kama mtoto anayekwepa kutumwa.

Mama yeye alitembea ubavuni mwake siku zote. Nikilalamika aliniambia, "Mwache. Mtu akinyamaza sana anaoza ndani."

Mama alifariki mwaka jana, mvua za vuli zikianza. Nilikuwa nimeshahamishiwa shule ya hapa kwetu, basi nikaacha chumba nilichopanga nikarudi kukaa na baba. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile. Kaka yangu, mkubwa wangu, ana duka la vifaa vya ujenzi Biharamulo mjini, na huja pale palipo na jambo.

Na jambo lilikuwepo. Kwetu msiba hauishi siku ya kuzika. Unaisha siku ya kuganduka, miezi kadhaa baadaye, watu wanaporudi, misa ikasomwa, pombe ya ndizi ikanywewa, na mfiwa akaambiwa mbele ya wote kwamba sasa amerudi kwa watu. Kabla ya siku hiyo haendi harusini, wala nyumba yake haitengenezi pombe. Zamani ilitosha hivyo. Siku hizi imeongezeka desturi nyingine ambayo hakuna aliyeitangaza lakini kila mtu anaifuata: wageni wakifika kuganduka, wakute kaburi limejengwa. Jirani yetu wa juu kabisa amemjengea mkewe kaburi la vigae, lina paa dogo na picha ndani ya kioo. Ukipita pale asubuhi jua linakupiga machoni.

Kaka alisema vigae vyeupe, na ataleta yeye. Mimi niliunga mkono kabla hajamaliza sentensi. Mkuu wangu wa shule angekuja, walimu wenzangu wangekuja, na nilikuwa nimeshawaona kichwani mwangu wakisimama kando ya kaburi la mama yangu na kusema, kweli huyu mama alikuwa na watoto.

Baba alisema, "Mama yenu ataletewa jiwe lake."

Jiwe lenyewe lazima nilieleze. Baba ni mtoto wa watu waliotoka Burundi. Mama ni Mhangaza, mwenyeji wa Kirushya. Walipooana hawakuwa na ardhi, wakapewa mahali pa kulima kwa muda kwenye kilima cha ng'ambo, kile tunachokiona ukisimama mlangoni kwetu. Huko kulikuwa na jiwe bapa, refu kama mlango wa banda la mbuzi. Mama alisagia mtama juu yake, akanolea jembe lake juu yake, akaniogeshea mimi juu yake. Hata tulipopata shamba letu upande huu aliendelea kuvuka bonde kwenda kunoa kule, eti mawe ya huku hayana meno. Katikati ya jiwe pana kishimo kirefu, laini, kilichochimbwa na mikono yake na jembe lake. Alipokuwa mgonjwa wa kufa, baba alimshika mguu kwenye blanketi akamwambia, "Nitakuletea jiwe lako." Mama akacheka. Nilikuwepo. Alicheka kama mtu aliyeahidiwa ng'ombe na mtu asiye na kuku, lakini alifurahi.

Basi hilo ndilo lililokuwa linamkaa baba rohoni. Jiwe lifike kaburini kabla ya kuganduka.

Tatizo lilikuwa bonde. Kushusha jiwe kutoka kilimani hakukuwa shida. Wanaume wa chama cha machela, wale wanaobeba wagonjwa na wajawazito kwenda zahanati, wangelifunga kwenye miti wakalishusha. Lakini padri alikuwa ametupangia siku baada ya Pasaka, katikati ya masika. Wakati huo bonde letu halipitiki na mzigo. Wakati wa kiangazi ni mashamba ya maharage na njia za miguu. Ukiangalia vizuri utaona mfereji mpana uliojaa nyasi, ambao wazee wanasema ulikuwa mto wenyewe, mto ukahama ukauacha. Masika yakija, ule mto uliokufa unafufuka. Maji yanajaa kutoka kilima hadi kilima, na yanakuja kusimama chini ya mgomba wetu wa mwisho, karibu kabisa na kaburi.

Watu walimwambia baba asubiri kiangazi. Alisema mama hawezi kugandukiwa bila kitu chake. Kaka akamwambia basi aweke vigae. Baba akamuuliza kama yeye mwenyewe angependa kulala chini ya bafu la watu.

Sasa nifike kwenye mdomo wangu.

Jioni moja tulikuwa tunakula ugali na maharage, baba kanyamaza, na mimi kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kelele zake. Nikatafuta la kusema. Nilikuwa nimesoma kwenye simu mambo ya piramidi za Misri, nikiandaa somo. Nikamwambia kwamba zile piramidi tunazoziona pichani zimesimama jangwani peke yake hazikujengwa mbali na maji. Wataalamu wamegundua kwamba zamani mkono mmoja wa Mto Naili ulipita chini yake kabisa. Mkono huo ulikuja kufa, ukafukiwa na mchanga na mashamba, watu wakasahau kwamba uliwahi kuwepo. Lakini enzi zake mawe yaliletwa kwa mashua mpaka miguuni pa jengo. Walingoja mto ufurike ndipo wasafirishe.

Baba aliacha kutafuna. "Naili ni ule uliosema unaanzia kwetu?"

"Ego, baba, ndio huo. Maji ya bonde letu yanaingia Ruvubu. Ruvubu inakutana na mwenzake pale Rusumo, wanakuwa Kagera. Kagera inaingia ziwani, na ziwani ndiko unakotoka Naili."

"Maji haya haya?"

"Haya haya."

Nyumbani tunaongea Kirundi, baba akiniita mwana wanje, yaani mwanangu, na kwa Kirundi nilivyolisema lilisikika tamu zaidi. Niliona uso wake ukifunguka na nikajisikia mwalimu kwelikweli. Sikumwambia kwamba maji mengi ya mafuriko ya Misri yalitoka milima ya Uhabeshi, na kwamba ya kwetu yanafika kule yamechoka, mengi yameishia kwenye vinamasi njiani. Sikumwambia kwamba Wamisri walikuwa na mashua na mafundi wa mashua. Nilikuwa nafurahia. Ulimi uliponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata, padri alipomaliza matangazo, baba alinyoosha mkono. Nilijua. Alikwenda mbele, kofia mkononi, akasimama pale wanaposimama wasomaji.

"Wakristo wenzangu," alisema kwa Kiswahili chake cha mikutano, "maji ya bonde letu mnayadharau. Mnafulia, mnanyweshea mbuzi. Maji hayo ndiyo yamejenga Misri. Mwanangu mwarimu amesoma. Farao alikuwa anabeba mawe yake na maji yetu sisi. Mimi nina jiwe moja tu. Nani anakuja kunisaidia?"

Kanisa zima lilicheka, si kwa ubaya, walicheka jinsi walivyozoea kumcheka. Kisha vichwa vikageuka kunitafuta. Katekista, mtu mpole asiyependa uongo usemwe mahali pale, akauliza palepale mbele, "Mwarimu, ni kweri?"

Nilitamani sakafu inifunike. Nikasema, "Ni kweli, kwa kiasi." Hilo la kiasi hakuna aliyelisikia. Nilitoka kwa mlango wa pembeni, nikafika nyumbani muda mrefu kabla ya baba.

Chombo alikuwa ameshakipata: muvure wetu. Muvure ni gogo la mti mmoja lililochongwa ndani likawa na tumbo, kama mtumbwi mnene. Ndani yake ndizi mbivu hukamuliwa na nyasi mpaka zitoe juisi, na hapo pombe inaanzia. Wetu aliuchonga baba mwenyewe walipopata shamba. Kilima chote kiliuazima. Hakuna harusi wala msiba wa upande huu ambao pombe yake haikupitia tumbo la muvure ule. Tangu mama afe ulikuwa umeinamishwa chini ya upenu nyuma ya nyumba, kwa sababu nyumba yenye msiba haikamui.

Na hapo ndipo penye kosa, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona, si baba, si mimi, si wanaume wa machela ambao wote wamekulia kwenye mivure. Muvure hauachwi ukauke. Ukikaa bila kazi unatiwa maji, unatandikwa majani ya mgomba, unalindwa jua. Kazi hiyo kwetu ilikuwa ya mama. Kila baada ya muda angemwaga ndoo ndani yake akipita kwenda kwenye shughuli nyingine, hata hatukumwona akifanya. Mama alikufa, na muvure ukaanza kukauka siku ileile.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilishuka bondeni nikiwa nimejifunga kitenge na mwavuli mkononi, nikasimama pembeni nyuma ya watu, kwa sababu nusu ya kijiji walikuja na wanafunzi wangu pia. Wanaume wa machela walilishusha jiwe kutoka ng'ambo wakiimba nyimbo zao za kubebea wagonjwa, maana nyingine hawana. Walilisogeza kwenye muvure, wakalifunga kwa kamba za katani. Muvure ukazama kidogo, ukayumba, ukakaa.

Ulielea. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa baadaye wote walisimulia kana kwamba ulizama papo hapo. Ulielea na jiwe la mama ndani yake, wanaume wawili wakauvuta kwa kamba kutoka upande wetu, wengine wakitembea pembeni maji yakiwafika kifuani, na baba mbele yao wote, kofia kichwani, akielekeza kwa mkono kama anaongoza kwaya. Wanawake walipiga vigelegele. Nikajikuta nimesogea mbele. Nilitaka watu wajue mimi ni nani. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitaka wajue kwamba mzee yule ni baba yangu.

Katikati ya mfereji muvure ulilia. Nilidhani ni jiwe linasogea. Ukalia tena, mlio wa kuni kavu, ukafunguka kwa urefu wake wote, nusu huku na nusu huku, na jiwe likapita katikati likaenda chini bila haraka. Kamba ilimkamata baba bega, naye akaenda chini. Walimtoa mara moja. Alisimama, maji yakimtoka puani, mdomo wazi, bila kofia. Kofia ilikuwa imeshashika mkondo.

"Kofia imekwenda Misri!" mtu akapiga kelele kutoka ng'ambo, na bonde zima likaangua kicheko.

Simu zilikuwa juu. Niliziona kila mahali, na nyingine zilishikwa na mikono ninayoisahihishia madaftari.

Baba hakucheka na hakukasirika siku ile. Alikusanya vipande vya muvure akavibeba nyumbani, akasema tutatafuta njia nyingine. Alikuwa bado yeye. Jioni alikula vizuri.

Jumatatu nilikuta picha ya video imefika shuleni kabla yangu. Imewekewa jina, Farao wa Mabawe. Mwalimu wa fizikia alikuwa anaieleza ofisini kama somo, kwamba hata mtoto wa kidato cha pili angejua. Wenzangu walinyamaza nilipoingia, kisha wakaniuliza habari za baba kwa heshima nyingi kuliko kawaida, na heshima ile iliniunguza kuliko kucheka. Darasani walinisalimia kwa adabu, na nilipogeuka kuandika ubaoni nikasikia "Farao" limetamkwa kwa sauti ya chini huko nyuma. Sikugeuka. Niliandika aina za udongo mpaka ubao ukajaa.

Kaka alipiga simu kutoka Biharamulo. Imemfikia hata yeye, mteja wake kamwonyesha. "Na wewe ulikuwa hapo unaangalia?" aliniuliza. Nikasema nilikuwa hapo naangalia.

Ilikuwa kama wiki imepita, baba aliponiambia nimwonyeshe hicho kitu ambacho watu wanakicheka. Nilimwambia hakina maana. Akasema anataka kukiona. Nilikaa naye kwenye benchi la mbele ya nyumba, mahali alipokaa kila jioni ili kumsalimia kila anayepita barabarani, nikamshikia simu.

Aliangalia kwa makini. Alipoona muvure unaelea alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ulipopasuka akashusha pumzi. Na hapo, katikati ya vicheko na kelele, karibu kabisa na simu iliyorekodi, ikasikika sauti ya mwanamke ikisema kwa Kirundi, wazi kabisa: "Mungu wangu, aibu gani hii. Mzee huyu ataniua."

Nilikuwa nimeiangalia video ile mara nyingi, lakini ofisini na njiani, sauti imefungwa, ili nisionekane nikiiangalia. Sikujua kwamba nimo. Sikukumbuka hata kwamba nilisema.

"Ni wewe?" baba aliuliza.

"Ni mimi."

Alinirudishia simu kwa mikono miwili, jinsi anavyorudisha kitu cha mtu mkubwa. Akakaa akiangalia barabara. Jirani akapita akamsalimia, na baba akaitikia kwa kuinua kidevu tu.

"Wekeni vigae vyenu," alisema.

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Kaka alileta vigae vyeupe kwa gari, akaja na fundi, kaburi likajengwa likawa safi kama sahani. Siku ya kuganduka watu walijaa. Ndizi tulikamulia kwa jirani wa juu, kwenye muvure wa kuazima, sisi ambao kilima kizima kilikuwa kinaazima kwetu. Mkuu wangu wa shule alisimama kando ya kaburi akasema maneno yaleyale niliyoyaota, kwamba mama huyu alikuwa na watoto. Nikasema asante. Nilimtafuta baba kwa macho nikamwona amekaa nyuma ya wageni, kichwa wazi, mrija wa pombe mkononi, hanywi. Katekista alipotangaza kwamba mzee sasa amerudi kwa watu, watu walipiga makofi, na baba akainuka nusu, akakaa.

Hakurudi kwa watu. Benchi alilihamishia nyuma ya nyumba, pale chini ya upenu ulipokuwa muvure. Kanisani alianza kukaa mwisho karibu na mlango, na alipoimba ni midomo tu iliyotembea. Kofia nyingine nilimnunulia Kabanga. Alishukuru akaitundika msumarini, na haijatoka hapo. Nilikuwa nimetamani haya zimwingie mzee huyu tangu nikiwa msichana. Zilimwingia, na ni mimi niliyemtia, kwa sauti yangu mwenyewe, na nikaona ni ugonjwa gani ule.

Masika yaliisha. Maji ya bonde yakaondoka taratibu kama yanavyoondoka kila mwaka, mfereji ukarudi kuwa nyasi na matope. Darasani tulifika kwenye somo la mito, na sikuwa na njia ya kuliruka. Nikafundisha mkono wa Naili uliokufa, mashua, mawe, mafuriko, huku nikiangalia dirisha. Walikuwa wanajikaza wasicheke. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye hakuwa anatania, aliuliza, "Mwalimu, na mawe yaliyozama njiani yako wapi?"

Nikasema sijui. Nikasema tunayaona tu yale yaliyofika. Akaandika hivyo kwenye daftari lake, na mimi nikatamani nimwambie asiandike.

Siku hiyo nilipotoka shule nilipitia bondeni. Wanawake walikuwa wanaandaa mashamba ya maharage. Jiwe lilikuwa limetokeza, limelala kwenye matope yaliyokwisha kukauka kando ya njia yao, na kile kishimo cha mama kiko juu, kimeoshwa. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti ananoa jembe. Wengine walikuwa wamesimama na majembe yao mabegani wanangoja zamu, wanaongea mambo yao. Aliponiona akainuka kunipisha.

"Karibu, mwarimu. Jiwe ra mama yako hiri. Rina meno kweri, arikuwa hadanganyi."

Nilisema sina jembe. Akanipa lake, akidhani nataka tu kugusa. Nilipiga magoti na viatu vyangu vya shule nikapitisha bati la jembe mara kadhaa, vibaya, na hakuna aliyenicheka, wakanielekeza namna ya kulilaza. Wakaniuliza mzee hajambo, mbona siku hizi hasikiki. Walisema wanamkumbuka. Mmoja akasema siku hizi hata barabara imepoa.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba. Nilimwambia, "Baba, jiwe limeonekana. Wanawake wananolea majembe."

Alinigeukia. Kisha akauliza, "Wengi?"

"Wengi. Wanangojeana."

"Kile kishimo chake kiko juu au kimelaliwa?"

"Kiko juu."

Alisimama. Hakuchukua kofia. Tulitoka pamoja, na nilikuwa nimepanga kichwani kutembea ubavuni mwake kama mama. Lakini ilikuwa saa ya wanafunzi kurudi nyumbani, kundi zima likaja mbele yetu likichezacheza na mifuko yao, nikasikia mmoja akiwanyamazisha wenzake, na miguu yangu ikaongeza mwendo. Sikuituma. Ilikwenda yenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile.

Nyuma yangu palikuwa kimya. Nikageuka. Baba alikuwa amesimama kando ya barabara, ameinama, anashughulika na kiatu ambacho hakina kamba.

"Tangulia tu, mwana wanje," alisema bila kuinua uso. "Acha wapite. Mimi nitakuja nyuma, wasituone pamoja."

Nilirudi nikasimama pembeni yake, nikamshika mkono, na wanafunzi wakafika wakasema shikamoo, wote kwa pamoja, kwake na kwangu. Baba aliitikia marahaba kwa sauti ndogo sana, ya mtu anayeomba samahani, sauti ileile niliyokuwa nikimwombea kwa Mungu awe nayo kila Jumapili tukitoka misa.